Tundu la Pili la Chaja

Mtaani walimwita Kopi, na hata mteja aliyefika dukani kwa mara ya kwanza hakukawia kumwita hivyo hivyo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kutoa kopi. Mashine iliyokwamisha karatasi, iliyochora mistari myeusi au iliyopiga kelele za kuomba msamaha ililetwa kwenye kachumba kake nyuma ya duka la vifaa vya ofisi, naye akaivua kifuniko baada ya kifuniko huku akiisema kwa sauti ya chini. Zile zilizokufa kabisa hakuzitupa. Alizing'oa mota, giya na springi, akavibeba nyumbani kwenye mfuko, na huko akaunda vitu visivyomfaa mtu yeyote: kigari kinachofuata mstari sakafuni, mdudu wa bati anayepiga mabawa ukimwashia taa, na kifuta vumbi cha mezani ambacho kilifuta vumbi, kikombe na miwani kwa mpigo mmoja. Wenzake walikuwa na mpira wao na vijiwe vyao. Yeye alikuwa na roboti.

Aliishi na dada yake. Wazazi wao waliondoka duniani wakifuatana, Kopi akiwa bado anatambaa, na dada huyo, ambaye mwenyewe alikuwa binti mdogo tu, ndiye aliyembeba, akamlisha, akamsomesha kwa kusuka nywele za watu. Usukaji haukuwa mchezo kwake. Vichwa vya mtaa mzima vilipita katikati ya magoti yake, na ulimi wake ulikuwa mkali kama mikono ilivyokuwa myepesi. Kuna mteja mmoja alimsuka siku ya harusi yake akamwita Bi Harusi, na jina likaganda. Mama wa watu ana watoto wanaonyoa ndevu, bado anaitwa Bi Harusi.

Ugonjwa ulianza na chanuo kumponyoka. Aliliokota akacheka, akasema uzee unabisha hodi. Likamponyoka tena, kisha sindano, kisha kikombe cha chai ya moto. Hospitali walisema ni mishipa ya fahamu ya shingoni, kwamba dawa zitaupunguza mwendo ugonjwa ila kilichopotea hakirudi. Miguu ilibaki na nguvu zake, ulimi nao ndiyo kwanza ulizidi ukali. Mikono ndiyo iliyokufa. Ilikaa mapajani mwake siku nzima, mizuri, haina hata kovu, na ukimwinua alipokaa ilining'inia.

Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, alikuja kila asubuhi kumwogesha na kumvisha, na Dada hakuona tabu. Tabu ilikuwa chakula.

"Kuogeshwa sawa," alimwambia Kopi. "Hata maiti anaogeshwa na heshima yake iko palepale. Lakini kulishwa? Mimi niliyekutafunia wewe nyama nikakutia mdomoni, leo unitie mimi kijiko? Thubutu!"

"Dada, mimi si mtu baki."

"Ndiyo maana. Mtu baki ningemtukana yakaisha."

Basi akawa anakula peke yake chumbani. Kopi aliweka bakuli mezani, akatoka, na Dada akausukuma mlango kwa nyonga mpaka ukajifunga. Kilichofuata Kopi alikisikia tu: bakuli likiburuzika mezani, likigonga ukuta. Siku moja lilianguka kwa kishindo, akadhani ni Dada aliyeanguka, akaingia mbio. Alimkuta amepiga magoti, uso wake umo ndani ya bakuli sakafuni, uji umemfika kwenye nyusi. Dada hakupiga kelele. Aliinua uso, akamtazama, akasema, "Funga." Kopi akafunga, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha nje na akalia kama mtoto, hadharani, na waliopita wakajifanya hawakumwona.

Baada ya hapo Dada akaanza kusema ameshiba. Ameshiba asubuhi, ameshiba jioni. Nguo zikaanza kumpwaya, mashavu yakaingia ndani. Daktari alimpima, akamvuta Kopi pembeni na kumwambia waziwazi kwamba mgonjwa wake hauawi na mishipa, anauawa na njaa, na kwamba mwili ukizidi kuisha hivi hautasubiri dawa. Njaa, katika nyumba yenye gunia la mchele! Kopi alimsihi, akampigia magoti, akamnunia, akamletea na Mama Pacha amwombe. Kichwa ngumu yule. Alifumba mdomo akageukia dirisha.

Ndipo Kopi alipochukua mota za mashine tatu zilizokufa akaanza kuunda mkono.

Wazo lilikuwa jepesi kulisema. Mkono wa bati na plastiki umefungwa kwenye ukingo wa meza, mwishoni una kijiko laini cha mtoto. Chini ya meza pana pedali aliyoikomboa kwenye cherehani bovu. Dada akikanyaga pedali, mkono unachota kwenye sahani, unapanda, unasimama mbele ya midomo yake na kusubiri. Akikanyaga tena, unarudi kuchota. Hakuna mtu anayemlisha. Anajilisha, kwa mguu wake.

Umeme ndio uliomsumbua. Mota zilitaka volti kumi na mbili, na Kopi hakuthubutu kuleta waya wa umeme mkubwa karibu na mtu asiyeweza kuutupa ukimshika. Betri nazo zilikuwa nzito na zilimtisha kwa moto. Akaamua kutumia chaja ya USB-C, hizi za siku hizi zinazochaji simu na kompyuta kwa waya mmoja. Aliipenda chaja hiyo kwa tabia yake, na alimweleza Dada tabia hiyo kana kwamba anamletea mchumba.

"Hii haikurupuki, Dada. Ukiichomeka inatoa volti tano tu, za salamu. Halafu inataja ilichonacho: nina tisa, nina kumi na tano, nina ishirini. Kuna kisakiti hiki kidogo nimekifunga kwenye mkono, kazi yake ni kuomba. Kinaomba kumi na mbili. Chaja ikikubali, ndiyo inatoa. Isipoombwa haitoi."

"Ina adabu kuliko wewe," Dada alisema.

Chaja ya kwanza ilikuwa na adabu, lakini haikuwa na kumi na mbili. Kisakiti kiliomba kumi na mbili kikapewa tisa, kikashukuru, na mkono ukapanda ukitetemeka, ukamwaga nusu ya wali njiani. Dada aliangua kicheko, cha kwanza baada ya muda mrefu. "Mdogo wangu, hii ni mgonjwa kunizidi! Ipeleke hospitali kwanza." Kopi naye alicheka, ila moyoni alikuwa anaona mashavu yale. Alizunguka maduka ya simu na mita yake ya kupimia volti mkononi, akipima chaja moja baada ya nyingine mpaka wauzaji wakamchoka, na hatimaye akapata moja nene, nyeupe, iliyotoa kumi na mbili bila kusitasita. Ilikuwa na matundu mawili. Muuzaji akamwambia hapo umelamba dume, kaka, kifaa huku, simu huku, raha mustarehe.

Mkono ukatulia. Kopi akaurekebisha kasi, akaufundisha kusimama mbali kidogo na meno. Akaufundisha pia jambo ambalo kila mwunda roboti hulifundisha: kila unapoamka haujui uko wapi, kwa hiyo kwanza uinue kijiko juu, uzunguke kushoto mpaka uguse kiswichi kidogo alichokifunga pale, ndipo ujue umefika kwako na kazi ianze. Kila asubuhi Kopi aliuwasha, mkono ukanyanyua kijiko kitupu, ukaenda kushoto, ukagusa, tik, ukatulia. Alikuwa akiutazama kwa furaha, kama mtu anayemwona mtoto wake akivaa viatu mwenyewe.

Siku ya kwanza Dada alimfukuza chumbani. Kopi alisimama nje, akasikia mota zikinung'unika, kimya, mota, kimya. Bakuli halikugonga ukuta. Kikapita kitambo, kisha sauti ikaita: "Kopi! Njoo ufungue huu mlango, hewa hakuna humu." Akafungua. Dada alikuwa amekaa wima kwenye kiti, sahani imebaki na punje chache, na pembeni mwa mdomo hapana doa. "Maharage yako hayajaiva," alisema. "Lete mengine."

Tangu siku hiyo alikula mlango ukiwa wazi. Mashavu yakaanza kurudi. Akaanza tena kuwasema wapita njia kupitia dirishani, nani kasukwa ovyo, nani kavaa nywele za bandia zimekaa upande. Mama Pacha akimvisha asubuhi alisema huyu sasa ananenepa, atanivunja mgongo. Kopi alitembea mtaani akiwa mwepesi. Dukani alijikuta anaimba, akakosea kufunga mashine ya watu, na hakujali.

Kisha siku moja Dada mwenyewe akasema, bila kumtazama, "Jumapili waite."

"Nani, Dada?"

"Watu wangu. Mama Pacha, Bi Harusi na wenzake. Toka niugue sijakaa nao mezani. Wakija walikuwa wananikuta nimeshiba." Akatabasamu. "Waje tule."

Jumapili hiyo Kopi hakuweza kutulia. Alipika tangu asubuhi, akasogeza meza sebuleni, akaufunga mkono ukingoni, akaujaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Bi Harusi alifika mapema na chanuo lake, akamsuka Dada nywele za mistari huku Dada akimkosoa kila mstari. Mama Pacha akamvisha gauni la kijani alilolihifadhi kabatini. Walipoketi wote mezani, wanawake wakizungumza wote kwa pamoja, Dada alikanyaga pedali, na mkono ukachota, ukapanda, ukasimama. Akala. Wakapiga makofi na vigelegele, wakasema jamani, huyu Kopi tulikuwa tunamwona mjinga kumbe! Dada akatafuna taratibu, akameza, akasema, "Mjinga bado ni mjinga. Ila ana mikono."

Kopi alivimba. Nani asingevimba? Alianza kuwaeleza habari za volti, za chaja inayotaja ilichonacho na kisakiti kinachoomba, na wao wakaitikia ehe, ehe, kwa heshima ya chakula chake. Dada alikula kijiko baada ya kijiko, akidakia mazungumzo katikati kama zamani, na hakuna aliyemtazama tena mdomoni. Wamesahau, Kopi aliwaza. Wamesahau kabisa kama ni mgonjwa.

Bi Harusi akaitazama simu yake, akasikitika. "Kopi baba, inazima hii. Naweza kuchaji wapi?"

Soketi ya jikoni ilikuwepo. Ya chumbani ilikuwepo. Lakini Kopi alitaka waione chaja yake.

"Chomeka hapo hapo, mama. Tundu la pili hilo, liko wazi. Hiyo chaja ni kubwa, haishindwi."

Katika nyumba ile ya watu wawili tundu la pili halikuwahi kutumika. Simu ya Dada ilichajiwa chumbani kwa kichaja chake cha zamani, na Kopi alichajia dukani. Kwa hiyo hakujua kwamba chaja ya namna ile, ikipata mgeni wa pili, hukata umeme kote kwa muda mfupi ili igawe upya, huyu apate hiki na yule kile, kisha inaanza tena salamu na kutaja ilichonacho. Kwa simu si kitu. Kwa kompyuta si kitu, ina betri yake.

Dada alikuwa amefumbua mdomo. Kijiko kilichojaa maharage kilikuwa kimesimama mbele ya midomo yake pale Bi Harusi alipochomeka waya. Mota zikakatika, mkono ukaanguka, maharage yakammwagikia kifuani. Papo hapo umeme ukarudi. Mkono ukaamka, haujui uko wapi, ukafanya ulivyofundishwa: ukainua kijiko juu, ukazunguka kushoto kumpitia usoni, ukamtandaza mchuzi kutoka kidevuni hadi sikioni na kwenye nywele mpya, ukagusa kiswichi, tik. Dada alikuwa amekakamaa kwa mshtuko, na mguu wake ulikuwa umeikanyaga pedali kwa nguvu zote. Mkono ukaona pedali. Ukachota tena, ukapanda tena, ukamwekea kijiko mdomoni, naye alipogeuza uso pedali ikaachiwa na kukanyagwa tena, na kijiko kikarudi kuchota na kupanda, kikimsukuma shavuni, kikimwaga.

Mmoja wao alicheka. Hakukusudia, ni kile kicheko kinachomtoka mtu kabla hajajua anachokiona, na alikikata katikati. Lakini kilisikika.

Kopi alichomoa waya. Dada akawa amekaa pale, mchuzi unamtiririka shingoni, mikono yake mapajani. Hakuweza hata kujifuta. Kisha wote wakanyanyuka kwa pamoja, pole dada, pole mama, jamani pole, mikono mingi ikamfikia, mwenye kitambaa, mwenye upande wa kanga, huyu anamfuta kidevu, yule anamtoa punje nywelini. Bi Harusi alikuwa analia. Kwa wema wake wote alichukua kijiko kingine, akachota wali, akausogeza mdomoni mwa Dada na kusema kwa sauti ile ile watu wanayowasemeshea wachanga, "Haya, tusiache chakula, fumbua kidogo tu, aaa."

Dada alifumba mdomo mpaka midomo ikapotea. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akimshika begani.

Kesho yake Kopi aliipeleka chaja dukani, akaifunga kwenye mita, akachomeka simu kwenye tundu la pili. Mshale wa mita ukaanguka kwenye sifuri, ukakaa, ukapanda tena. Alichomoa, akachomeka. Ukaanguka, ukapanda. Alirudia mpaka mwenye duka akamwuliza kama kuna tatizo. Hakuna kilichoharibika. Chaja ilikuwa nzima na ilifanya kazi yake, kisakiti kiliomba kama kinavyotakiwa, mkono uliamka kama ulivyofundishwa. Asubuhi zote zile aliuamsha kijiko kikiwa kitupu, na haikumpitia akilini kwamba unaweza kuamka kijiko kikiwa kimejaa na mdomo wa mtu uko njiani. Alikaa kwenye kigoda chake akashika tama. Angepata wa kumlaumu angepona kidogo.

Akarekebisha. Aliliziba tundu la pili kwa gundi ya moto. Akaongeza sakiti ya kushikilia umeme ukikatika ghafla. Akaufundisha mkono kwamba ukiamka usiguse kitu, usubiri mpaka mtu aubonyeze. Aliuchomoa na kuuchomeka, akaupima kwa kila hila aliyoijua, na haukuanguka tena. Ulikuwa sasa mzuri kuliko wakati wowote. Muda wote huo Dada alikunywa maji kwa mrija na hakutaka kingine chochote.

Kopi aliuleta mkono chumbani, akapiga magoti mbele yake.

"Dada, nimejua kosa. Lilikuwa langu. Nimelirekebisha, haliwezi kurudi. Nakuapia. Tazama."

Dada alitazama mkono ukipanda na kushuka. Alikuwa amekonda tena, haraka kuliko mwanzo.

"Naona," alisema. "Ni mzuri. Hongera, baba. Uutoe hapo."

"Dada, ukikataa hii utakufa. Daktari kasema. Ukitaka kula mlango ukiwa umefungwa, funga. Sitaingia. Hakuna atakayeingia."

"Nifunge nimfiche nani? Wameshaona." Aliyasema bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomtisha Kopi. "Nilikuwa nang'ang'ania kitu, mdogo wangu. Nikidhani bado ninacho. Lete kijiko."

Kopi aliurukia mkono, akakishika kijiko laini kukiweka sawa.

"Sio hicho," Dada alisema. "Kijiko cha kawaida. Ukishike wewe."

Alikwenda jikoni. Alirudi na bakuli la uji na kijiko, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Ndicho alichokililia mwaka mzima, alichokipigia magoti. Alichota, akapoza kwa pumzi, na kabla hajakisogeza Dada akawa ameshafumbua mdomo. Hakumtazama, wala hakugeukia dirisha. Alifumbua tu, kwa utiifu, akafumba, akameza, akafumbua tena. Uji ulimteleza kidevuni, Kopi akaufuta kwa kidole, na Dada akakiacha kidole kipite. Hakusema ni wa moto. Hakusema ni mzito. Bakuli likaisha.

Mchana alikula hivyo, na jioni hivyo. Mashavu yakarudi, na daktari alifurahi, akampongeza Kopi kwa uvumilivu wake. Mama Pacha alimshukuru Mungu kwa sauti. Wapita njia walipita dirishani wakiwa wamesukwa ovyo na hakuna aliyewasema. Kopi alimlisha kila siku, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada yake, na kila alipoinua kijiko alimwomba Mungu kwa siri, kwa moyo wake wote, kwamba safari hii dada yake akatae.

Naye alifumbua mdomo.